Meno ya Mnyapara

Kila alfajiri, kabla hata hajapiga mswaki, fundi wa meno alikuwa akimwomba Mungu ayavunje meno ya mnyapara.

Sala hiyo hakuitunga yeye. Aliikuta kwenye Zaburi wiki moja baada ya kumzika mumewe, siku ambayo alifungua Biblia popote tu, ilimradi macho yapate pa kukaa. Mwenye zaburi alikuwa amechoshwa na waongo, akamwambia Mungu bila kupepesa macho ayavunjevunje meno yao humo humo mdomoni. Fundi akasoma, akarudia, akaweka kidole. Tangu msiba watu walikuwa wakimletea mistari laini, ya kufutwa machozi na kupumzishwa penye majani mabichi, naye akawa anaitikia kwa kichwa huku moyo umekauka kama plasta. Huu ndio ulikuwa wa kwanza kumwingia. Kumbe humu ndani nina wenzangu, akajisemea.

Mumewe alikuwa mwendesha winchi kwenye ghala la mizigo. Wenzake walimwita Bwana Chai, kwa sababu miaka kumi na mmoja nyuma aliokoka, akaachana na pombe, na tangu hapo wao wakienda kunywa yeye alibaki kwenye benchi na chupa yake ya chai, akiwalindia mabegi. Walimtania hadi wakachoka, mwisho wakamheshimu. Kisha asubuhi moja kamba ya chuma ya winchi ikakatika katikati ya kazi, ikarudi kama mjeledi, ikamkuta palepale aliposimama.

Kamba ile ilitakiwa kukaguliwa kila Jumatatu na mnyapara wa ghala. Mnyapara alipoulizwa, alisema kamba ilikuwa nzima, ila marehemu alikuja kazini ananuka pombe. Alisema hivyo ofisini. Akarudia msibani, kwenye viti vya nje, kwa sauti ya kusikitika, kikombe cha wafiwa kikiwa mkononi. Na kwa kuwa wote walisali kanisa moja, neno likawafikia wazee wa kanisa kabla jeneza halijafungwa.

Kanisa lile lilikuwa na utaratibu wake. Aliyerudi nyuma akafa kabla ya kutubu, jeneza lake haliingii ndani. Basi Bwana Chai aliombewa nje, karibu na bomba la maji, kwaya ikiwa haijavaa majoho. Na Jumapili moja katika mwaka, mchungaji alipokuwa akisoma majina ya waumini waliolala, jina la mtu wa namna hiyo halikusomwa. Jumapili hiyo sasa ilikuwa imebaki chini ya wiki moja, na orodha ilikuwa imeshachapwa.

Hilo ndilo fundi alilolitaka, wala hakutaka kingine: jina la mumewe lisomwe mle ndani, mbele ya watu wale wale. Na kama hilo haliwezekani, basi meno.

*

Alifanya kazi chumba cha nyuma cha kliniki. Daktari huko mbele aling'oa na kuchukua vipimo, yeye huku nyuma alitengeneza meno ya bandia. Palikuwa na meza moja ndefu, jiko dogo la gesi la kuyeyushia nta, mashine ya kusagia, na rafu zilizojaa vinywa vya plasta, kila kimoja na namba yake, vyote wazi kama watu waliokatizwa katikati ya mazungumzo. Wagonjwa walimwita Mama Meno, ingawa wengi hawakuijua sura yake, kwa sababu ya barakoa, kofia na miwani mikubwa ya kuzuia vumbi.

Jumanne asubuhi daktari aliweka trei mezani.

"Mama Meno, huyu ni juu na chini, yote. Alhamisi anakuja kujaribu, Jumamosi anachukua. Ana haraka huyo, anasema kazini wanamcheka."

Fundi akachukua kadi asome. Jina lilikuwa la mnyapara.

Akavuta kiti, akakaa. Kisha akaisoma kadi yote, mstari kwa mstari. Ugonjwa wa fizi. Jino la kwanza lilitoka wiki ya pili baada ya mazishi. Mwezi uliofuata yakatoka mawili. Kisha matatu kwa mpigo, kisha manne, mpaka la mwisho. Akarudi juu kuangalia ni lipi lililotangulia. Mungu alikuwa ameanzia mbele, pale panapoonekana.

Akacheka. Alicheka mpaka miwani ikafuka ukungu.

"Kuna nini huko?" daktari akauliza kutoka mlangoni.

"Hakuna, daktari. Nimefurahi tu kupata kazi."

Siku hiyo alifanya kazi kama mtu anayepika chakula cha mtu anayemchukia. Meno aliyapanga kwenye nta, moja moja, kwa uangalifu mkubwa. Gego la kulia aliliinua kidogo, unene wa ukucha tu, kiasi ambacho jicho halioni lakini taya halisahau. Kila tonge litamgonga hapo. Asubuhi ataamka taya limekaza, jioni kichwa kitamgonga, na akienda kulalamika ataambiwa avumilie, meno mapya ndivyo yalivyo. Halafu katikati ya meno mawili ya mbele akaacha upenyo mwembamba, ili kila akitamka S apige mluzi. Mnyapara mzima, anaamrisha watu huku analia kama birika. Fundi akayatazama meno yale, akaona ni mazuri mno kwa ubaya wake, akayafunika na kitambaa kama mtoto anayelala.

*

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake. Macho ya bibi huyo yalikuwa yamefifia, lakini kazi za vidole alizifanya mwenyewe, na fundi alipoingia alimkuta anachambua maharage kwenye sinia.

"Mama, Mungu kajibu."

"Kajibu nini?"

"Mnyapara hana hata jino moja."

Vidole vikasimama kwenye sinia. "Hata gego?"

"Hata gego."

"Asifiwe," alisema mama mkwe, akaendelea kuchambua. Baada ya muda akainua uso. "Nani kakwambia?"

"Kinywa chake kiko mezani kwangu. Mimi ndiye natakiwa kumtengenezea."

Bibi akaweka sinia chini. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda taratibu mpaka kikamtoa machozi. "Mwanangu! Ulimwomba avunje, kavunja. Halafu kazi ya kutengeneza kakupa wewe! Mungu naye ana vituko."

"Nimeshapanga, mama. Yatamuuma mpaka aombe arudishiwe mabovu yake. Na akisema atapiga mluzi."

"Mwekee na makubwa. Kama ya punda. Akicheka watoto wakimbie."

"Nitaweka ya kahawia."

"Weka moja la kijani!"

Walicheka wakashikana mikono, wakaendelea kushikana hata kicheko kilipoisha. Kisha mama mkwe akasema, kwa sauti nyingine:

"Hebu ngoja. Akipiga mluzi, atasema?"

"Atasema nini?"

"Lolote lile. Mtu akionea aibu meno yake, si anafunga mdomo? Mimi sitaki afunge mdomo. Mwaka mzima kaufunga. Nataka aufungue, ayarudishe yale aliyoyasema, na ayarudishie palepale. Sasa wewe unataka kumfungia mdomo kwa mkono wako mwenyewe, halafu apate na kisingizio?"

"Hatasema, mama. Angekuwa wa kusema angeshasema."

"Labda. Lakini asiposema, iwe ni yeye. Isiwe ni meno yako."

Fundi alikasirika, kwa kuwa gego lile lilikuwa kazi nzuri.

*

Alfajiri ya Jumatano alipiga magoti kando ya kitanda kama kawaida, akafungua mdomo, akakosa neno. Angeomba nini? Meno yameisha.

Hapo ndipo hofu ilipomshika, na haikuwa hofu ya mnyapara. Mwaka mzima alidhani anaongea na dari. Alisali kwa sababu alikuwa amezoea kusali, kama mtu anayeendelea kuandaa sahani mbili mezani. Kumbe alikuwa anasikilizwa, neno kwa neno. Sala mbaya kuliko zote alizowahi kuomba, asingethubutu kuiomba mbele ya mchungaji, na aliyeisikia hakugeuza uso wala kumfukuza. Kama hakumkimbia kwenye sala ile, basi hata siku ya mazishi alikuwepo, pale nje kwenye bomba la maji, pamoja na jeneza. Wazo hilo lilimkaa kifuani likamwasha. Kwa mara ya kwanza tangu afiwe alihisi kwamba hayuko peke yake na Bwana Chai wake. Kuna wa tatu anayejua ukweli, na hajausahau.

Hasira haikuondoka. Ilibadilishiwa kazi tu.

"Bwana," alisema, "nitamtengenezea meno ambayo hajawahi kuwa nayo maishani mwake. Halafu nione atajificha wapi."

Akaenda kliniki, akawasha jiko, akayeyusha nta yote ya jana. Meno mabovu yakaanguka mezani yakalia. Akaanza upya. Alipanga gego na gego mwenzake mpaka yakakutana kama viganja vya mtu anayesali. Alichagua rangi si nyeupe ya kuchekesha, bali ile ya mtu wa umri wake, yenye umanjano kidogo shingoni mwa jino. Upenyo wa mbele aliuziba. Jino moja la pembeni akaligeuza kidogo sana, kwa kuwa meno ya kweli hayakai kama matofali. Wakati wa kula alisahau kula. Daktari alipita, akainua kazi ile akaitazama kwenye mwanga.

"Huyu ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Mbona umejitoa hivi?"

"Nina maneno naye," alisema fundi.

*

Kwenye kliniki ile, meno yakiwa bado kwenye nta, mgonjwa huyavaa na kutamkishwa maneno yenye S na F, ili ijulikane kama ulimi unapata pa kugusa. Kazi hiyo daktari alishamwachia Mama Meno siku nyingi, kwa kuwa sikio lake halikupitwa na mluzi hata mdogo. Maneno ya kutamkisha alichagua mwenyewe.

Alhamisi mnyapara aliingia, akakaa kwenye kiti. Mashavu yalikuwa yamezama, na kitambaa alikishikilia mdomoni kama msichana mwenye haya. Fundi, barakoa usoni na miwani machoni, akamvalisha ya juu, akamvalisha ya chini, akamwambia afunge taratibu. Uso wa mtu yule ukasimama. Akajitazama kwenye kioo, machozi yakamlengalenga.

"Fundi," alisema, "fundi, Mungu akubariki."

"Sema sita."

"Sita."

"Sitini na sita."

"Sitini na sita." Ilitoka safi kama kengele. Mnyapara akatabasamu. "Sabini na saba! Sikiliza hiyo! Mia sita sitini na sita!"

"Inatosha. Sasa sentensi. Unafuata nyuma yangu. Siku ile asubuhi."

"Siku ile asubuhi."

"Pale kazini."

"Pale kazini."

"Sikusikia harufu."

"Sikusikia harufu."

"Sikusikia harufu ya pombe."

"Sikusi..."

Mdomo ukabaki wazi. Kwenye chumba cha mbele daktari alikuwa anamcheka mtu kwenye simu, na kila neno lilisikika. Fundi akavua miwani, akaiweka kwenye trei. Akavua na barakoa.

"Shemeji," alisema mnyapara.

"Usiniite shemeji. Malizia."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Hili ni zoezi la S na F, kila mgonjwa anafanya. Malizia."

Hakumalizia. Aliyatoa meno, ya juu kisha ya chini, akayaweka kwenye kiganja, na uso ukaporomoka tena ukawa wa kizee. Aliongea kwa fizi, maneno yakimtelezea. "Utaniharibia."

"Nilishakuharibia. Juzi niliyatengeneza mabovu, yangekutesa mpaka ukome. Jana nikayayeyusha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nataka usikike."

Mnyapara akatazama sakafu. "Watanifukuza kazi."

"Labda."

"Mke wangu hajui."

"Na mimi nilikuwa mke wa mtu." Akanyoosha mkono. "Nipe hayo, nta inapata joto mkononi mwako, yatapinda. Jumapili wanasoma majina. Jumamosi njoo uchukue meno yako. Yatakuwa tayari, useme usiseme. Sikuwekei masharti. Nikikukamua, watasema mjane kamkamua. Nataka ushindwe na wewe mwenyewe."

Mtu yule akampa meno. Alipofika mlangoni aligeuka kama anayetaka kusema jambo, akakumbuka hana meno, akatoka.

*

Jumamosi mnyapara hakupita chumba cha nyuma. Alichukua kwa daktari. Fundi alimsikia kupitia ukuta akishukuru, kila S mahali pake, akasubiri labda atasogea hatua mbili tatu. Mlango wa nje ukafungwa.

Utaratibu wa kliniki ulikuwa kutunza kinywa cha plasta mwezi mmoja. Fundi alikishusha kile cha mnyapara kutoka kwenye rafu, akakiweka sakafuni juu ya gazeti, akachukua nyundo, akakivunjavunja meno na fizi mpaka kikawa unga. Hilo alijiruhusu. Kisha akafagia, na akiwa anafagia akaomba, kwa kifupi: "Mimi yangu nimemaliza. Yaliyobaki si ya ufundi wangu."

Usiku ule alilala mpaka asubuhi, jambo ambalo hakulitegemea.

*

Tangu mazishi walikuwa wakikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Jumapili hiyo fundi alimshika mama mkwe mkono, wakaenda mpaka safu ya tatu. Watu wakasogea. Mchungaji akafungua karatasi, akasoma majina taratibu, na kwa kila jina ukoo wake ukasimama. Mama mkwe alikuwa anasikiliza huku midomo inacheza. Majina yakaisha. Mchungaji akakunja karatasi.

"Mchungaji, kuna jina halijasomwa."

Mnyapara alikuwa amesimama upande wa wanaume, mkewe kando yake anamvuta koti.

"Kaa chini, baba watoto," mkewe alinong'ona, na wote wakasikia.

"La marehemu Bwana Chai. Mimi ndiye niliyesaini kwamba kamba imekaguliwa. Sikuikagua siku ile, wala wiki tatu kabla yake. Bwana Chai hakunuka pombe. Alinuka sabuni tu, kama siku zote. Nilisema uongo ofisini, nikausema na msibani."

Kila neno lilisikika, kutoka mimbarini mpaka kwa watoto waliosimama dirishani. Mzee wa kanisa, yule aliyekuwa amelizuia jeneza, alianza kukohoa. Kisha sauti ya mama mkwe ikapanda, kavu kabisa.

"Rudia."

"Mama?" alisema mchungaji.

"Masikio yangu ni mazima. Lakini arudie. Uongo aliusema mara mbili."

Mnyapara akarudia. Safari hii sauti ilimtetemeka, lakini maneno hayakutetemeka. Alipomaliza, mchungaji alitafuta kalamu mfukoni, akaikosa, akaazimwa, akaandika chini ya orodha, akasoma alichoandika. Fundi akasimama. Mama mkwe akasimama. Na wale wa ghalani, ambao hawakuwa ukoo wa marehemu, wakasimama pia, mmoja mmoja, mabenchi yakikwaruza sakafu.

Fundi alikuwa ameitegemea furaha ya ushindi, ile ya kumtazama mtu akianguka. Haikuja. Alitazama mbele, pale ambapo jeneza lingewekwa, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima hakulilia jina la mumewe. Alimlilia mume mwenyewe: kikohozi chake cha asubuhi, mikono yake, namna alivyokunja soksi. Hakumsamehe mnyapara. Si siku hiyo. Lakini machozi yalikuwa ya Bwana Chai yote, mnyapara hakupata hata moja.

Nje, watu wakiwa bado wamesimama makundi makundi, mnyapara alimsogelea, mkono shavuni. Mkewe alikuwa ameshatangulia bila kumsubiri. Vichwa vikageuka.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "panachubua. Hapa chini, kushoto."

"Yote mapya huchubua. Fungua."

Akafungua, palepale juani, mbele za watu. Fundi akamshika kidevu, akamwinamisha kichwa kuelekea kwenye mwanga, akalisogeza shavu kwa kidole. Palikuwa na doa jekundu kwenye ufizi, dogo kama punje.

"Nimepaona. Usilale nayo. Sukutua na maji ya chumvi. Jumanne saa mbili, njoo moja kwa moja chumba cha nyuma, nitayasaga kidogo."

"Asante, she..." Akajizuia. "Asante, fundi."

Akaenda zake peke yake. Mama mkwe alisubiri mpaka hatua zake zisisikike.

"Inauma hiyo?"

"Inauma."

"Kwa siku ngapi?"

"Nne. Tano."

"Nne, tano," alirudia mama mkwe, akaushika mkono wa fundi ili waanze safari ya nyumbani. "Si haba."